Kulisoma pengo la msitu: namna ya kupima mwanga na maotea kabla hujapanda hata mche mmoja

Pengo langu la kwanza, yaani uwazi unaoachwa msituni na mti ulioanguka, nililiharibu kwa nia njema. Ilikuwa msitu wa kijiji upande wa Usambara Mashariki, Tanzania. Mti mkubwa ulikuwa umeanguka na masika yalikuwa yamekolea, nami nikapanda mlimani na miche 60 ya mvule kutoka kitaluni. Nikafyeka kwanza, nikasafisha mpaka udongo ukaonekana. Mzee mmoja aliyekuwa anaokota kuni akasimama, akatazama lile rundo nililofyeka, akaniuliza: "Mwanangu, hao uliowakata ulikuwa unawajua?"

Sikuwajua. Nilipolipekua rundo nikakuta vimche vya msambu na mtambara, miti ya asili ya msitu huo, vingine vimefika magotini, vilivyokuwa vimekaa gizani pale kwa miaka vikingoja mti mmoja tu uanguke. Mivule yangu ilidumaa kwa kukosa jua, na nafasi niliyoisafisha ikachukuliwa na kichaka cha kigeni. Kila kilichoandikwa hapa chini nimejifunza baada ya kosa hilo. Mifano nimeichukua kwenye misitu ya Amani na vijiji vinavyoizunguka, ila vipimo utavitumia popote penye msitu wa mvua, iwe Udzungwa, Kakamega au Ituri.

Kwanza, elewa kinachobadilika mti unapoanguka

Chini ya msitu uliofunga, mwanga unaofika sakafuni ni asilimia 1 hadi 2 tu ya ule ulioko nje. Sehemu kubwa ya huo mdogo haiji sawasawa mchana kutwa. Inakuja kama madoa ya jua yanayopita kati ya majani, sekunde chache hapa, dakika kadhaa pale. Mche wa kivulini unaishi kwa kudaka madoa hayo.

Kuna jambo la pili ambalo macho yetu hayalioni: rangi ya mwanga. Majani ya juu hufyonza mwanga mwekundu na kuupitisha ule mwekundu wa mbali, ulio nje kidogo ya upeo wa macho ya binadamu. Nje juani, uwiano wa mwekundu kwa mwekundu wa mbali ni kama 1.2. Chini ya majani mazito hushuka hadi 0.4 au pungufu. Mbegu ndogo za miti inayopenda jua huusoma uwiano huo. Zinaweza kulala ardhini muda mrefu, na pengo likifunguka, rangi inapobadilika na udongo unapoanza kupata moto mchana na baridi usiku, zinaamka. Ndiyo maana wiki chache baada ya mti kuanguka unaona miche ya mti ambao mzazi wake humwoni karibu.

Ukubwa wa pengo ndio unaoamua mengi. Vipimo vilivyofanyika La Selva, Costa Rica, vilionyesha kuwa katikati ya pengo la mita za mraba 200 mwanga ulifika kama asilimia 9, na kwenye pengo la mita za mraba 400 ukawa kati ya asilimia 20 na 35. Yaani eneo likiongezeka mara mbili, mwanga unaongezeka zaidi ya mara mbili.

Hatua ya 1: Ruhusa, halafu vifaa

Usianze na futikamba, anza na ofisi. Kwenye hifadhi ya mazingira asilia kama Amani, iliyotangazwa mwaka 1997, huruhusiwi kukata wala kung'oa chochote bila kibali, hata mmea mgeni. Kwenye msitu wa hifadhi wa kijiji, zungumza na kamati ya maliasili na usome mpango wao wa usimamizi. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inawapa mamlaka juu ya msitu wao, kwa hiyo si hisani wanayokufanyia bali ni mali yao unayoingilia.

Vifaa havina gharama kubwa: futikamba ya mita 30 au 50, dira (ya simu inatosha), vigingi, kamba ya katani, penseli (kalamu ya wino inakufa kwenye unyevu), daftari lenye jalada gumu, simu yenye kamera, na fimbo iliyonyooka.

Hatua ya 2: Pima pengo

Ukingo wa pengo uko wapi? Swali hili linagombanisha watu msituni kuliko lolote. Fasili inayotumika sana ni ya mtafiti wa misitu Nicholas Brokaw, aliyoitoa mwaka 1982 akifanya kazi Panama: pengo ni tundu linalopita matabaka yote ya msitu mpaka chini, mahali ambapo mimea iliyopo haizidi wastani wa mita 2. Kwa hiyo simama, tazama juu wima kabisa. Kama juu yako kuna jani lililo zaidi ya mita 2 kutoka ardhini, umeshatoka nje ya pengo. Mwenzako atazame shingo yako isilale upande, maana kosa la shingo linaongeza mita mbili bila wewe kujua.

Tafuta urefu mkubwa zaidi wa pengo, kisha upana mkubwa zaidi unaokatiza urefu huo kwa pembe mraba. Zidisha urefu kwa upana, kisha zidisha kwa 0.785. Pengo la mita 22 kwa 14 linatoa mita za mraba 242 hivi. Kama lina umbo la ajabu, kama herufi L, achana na hesabu hiyo: simama katikati, pima umbali hadi ukingoni kwenye pande nane za dira, chora kwenye karatasi ya miraba, hesabu miraba.

Hatua ya 3: Pima ukuta wa miti, kisha fuata jua

Hapa ndipo watu wengi huruka, na hapa ndipo nitakapokaa.

Pengo ni kama kisima. Upana wake peke yake hauna maana mpaka ujue kina. Pengo la mita 20 kwenye msitu wa miti ya mita 12 ni uwanja, lakini kwenye msitu wa miti ya mita 40 ni shimo lenye giza. Kwa hiyo pima urefu wa miti ya ukingoni. Chukua fimbo yenye urefu sawa na umbali kutoka jichoni hadi ngumi yako ukiwa umenyoosha mkono. Ishike wima, rudi nyuma polepole mpaka ncha ya fimbo ilingane na kilele cha mti na ngumi ilingane na shina chini. Umbali kutoka hapo ulipo hadi kwenye mti ndio urefu wake. Kwenye mteremko tembea kwa kufuata usawa, usipande wala kushuka, la sivyo utadanganyika.

Sasa jua. Amani iko kama digrii 5 kusini mwa ikweta. Jua linapita utosini mara mbili kwa mwaka, mapema mwezi Machi na mapema mwezi Oktoba. Juni linakuwa kaskazini kwetu, Desemba linakuwa kusini. Ili kujua kivuli cha adhuhuri kinafika wapi, zidisha urefu wa miti kwa 0.54 mwezi Juni na kwa 0.33 mwezi Desemba. Kwa Kakamega, iliyo karibu kabisa na ikweta, ni kama 0.43 miezi yote miwili, ila upande unabadilika.

Tuchukue pengo la duara lenye kipenyo cha mita 20, lililozungukwa na miti ya mita 30. Adhuhuri ya Juni, ukuta wa kaskazini unatupa kivuli cha mita 16. Kwenye mstari wa katikati, jua la moja kwa moja linagusa ukanda wa mita 4 tu upande wa kusini, na kitovu cha pengo hakioni jua siku nzima. Adhuhuri ya Desemba, ukuta wa kusini unatupa kivuli cha mita 10, kwa hiyo nusu ya kaskazini ndiyo inayoota jua. Siku zile za Machi na Oktoba jua linaingia hadi katikati, kwa saa mbili na nusu hivi, basi.

Maana yake ni kwamba pengo hilohilo moja lina sehemu ya kaskazini inayopata jua wakati wa vuli na kiangazi kifupi, na sehemu ya kusini inayopata jua wakati wa kipupwe. Mche uliopanda katikati kwa sababu "katikati ndiyo penye mwanga" unaweza kukaa miezi bila kuona jua la moja kwa moja. Mimi mwenyewe nilipima pengo moja mwezi Juni, nikaandika kuwa ni la giza. Nilirudi Oktoba kuchukua kigingi nilichosahau, nikalikuta linawaka. Tangu siku hiyo siandiki kipimo cha mwanga bila tarehe na saa.

Na saa yenyewe iangalie. Amani jua halifiki kileleni saa sita kamili ya ukutani. Huchelewa kati ya dakika 10 na 40 kulingana na mwezi.

Hatua ya 4: Pima mwanga kwa simu au kioo

Kifaa halisi cha kupimia mwanga wa mimea ni ghali. Kuna njia mbili za kujikimu.

Ya kwanza ni programu ya kupima mwanga kwenye simu. Namba inayotoa usiiamini, amini uwiano wake. Tafuta simu mbili, ziweke pamoja juani na kivulini uone kama zinakubaliana, na kama hazikubaliani andika tofauti. Kisha mmoja akae mahali pa wazi kabisa, barabarani au shambani, mwingine aingie kwenye pengo. Simu ilale chali, sambamba na ardhi, kimo cha goti, na mtu asiiinamie. Fanya siku ya mawingu mazito yaliyotanda sawasawa, maana siku ya jua kali doa moja likipita juu ya kioo namba inaruka mara ishirini. Gawanya ya ndani kwa ya nje, zidisha kwa 100. Ukipata 2, uko msituni hasa. Ukipata 10, uko kwenye pengo dogo la kweli. Ukipata zaidi ya 25, andaa macho, wapenda jua wanakuja.

Ya pili ni kioo. Chukua kioo kidogo cha kujitazamia, cha mraba, kichoree mistari kwa kalamu isiyofutika upate vyumba 25. Kishike mlalo usawa wa kifua, hesabu vyumba vilivyojaa anga. Kila chumba ni asilimia 4. Njia hii inakupa uwazi wa juu, haikupi mwanga wenyewe, lakini haihitaji chaji wala mtandao, na wanakamati wa kijiji wanaielewa kwa dakika tano.

Hatua ya 5: Soma sakafu

Mti ulioanguka haukuacha sakafu ya aina moja. Mahali mizizi ilipong'oka pana shimo na chungu cha udongo mwekundu ulio uchi. Hapo mbegu ndogo zinaota vizuri kwa kuwa hazizuiwi na majani makavu. Mahali kichwa cha mti kilipolala pana rundo la matawi, rutuba nyingi inaachiwa pale yanapooza, lakini pia miche mingi imepondwa chini yake. Katikati, kwenye shina, pembeni mwa gogo, ndiko miche ya zamani huokoka.

Chora ramani ndogo yenye sehemu hizo tatu. Pia andika mti ulikufaje. Ukivunjika shina na kuacha kisiki, hakuna udongo uchi, na kisiki chenyewe kinaweza kutoa machipukizi. Ukifa umesimama na kukauka pole pole, mwanga unaongezeka taratibu na miche haishtuki.

Mshtuko ni kitu cha kweli. Majani yaliyotengenezwa kivulini ni mapana na membamba. Yakipigwa jua ghafla hupauka, yakawa na mabaka ya njano na kahawia ndani ya siku chache. Usikimbilie kusema mche unakufa. Tazama ncha: kama chipukizi ni bichi, mche utatoa majani mapya mazito zaidi na kuendelea.

Hatua ya 6: Hesabu maotea

Maotea ni miche iliyoota yenyewe, na huhesabiwa kabla panga halijatoka alani. Vuta kamba mbili zinazokatana katikati ya pengo, moja kaskazini-kusini, nyingine mashariki-magharibi, na kila moja ipite ukingo kwa mita 10 kuingia msituni. Kila baada ya mita 5 weka ploti ya mita 1 kwa 1. Kwa pengo la mita 20 kila kamba ina urefu wa mita 40 na ploti 9, ile ya katikati ni ya pamoja, jumla 17. Zile zilizo msituni usizidharau, ndizo zinazokuonyesha nani alikuwepo kabla mti haujaanguka.

Ndani ya kila ploti andika aina, urefu kwa sentimita, idadi ya majani, na kama ameliwa au amevunjika. Mfunge kila mche uzi wa rangi wenye namba, ulegee, asije akanenepa ukamkaba. Jina usilolijua lipe jina lako mwenyewe, kwa mfano "jani-nta-mbili-mbili", piga picha ya juu na ya chini ya jani, kisha umwulize mwenyeji.

Hawa wanne uwajue kwa sura. Msambu (*Allanblackia stuhlmannii*) ana majani magumu kama ngozi yanayokaa mawili mawili yakitazamana. Mbegu zake kubwa huzikwa na panya buku hapa na pale, kwa hiyo utaukuta mbali na mama yake. Mtambara (*Cephalosphaera usambarensis*) huachana majani kushoto na kulia, na mti mkubwa ukichanjwa hutoa utomvu mwekundu. Mpesi (*Trema orientalis*) una jani linalokwaruza kama msasa mwepesi, lenye meno pembeni na tako lililopinda upande. Wa nne ni msizi.

Msizi (*Maesopsis eminii*) unastahili aya yake. Kwao ni Uganda, Kagera, Kongo na kwingineko magharibi, na huko ni mti wa heshima. Amani uliletwa na Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20. Ulikaa kimya kwa miongo, mpaka uvunaji mkubwa wa mbao ulipofungua msitu, hasa miaka ya 1960 hadi katikati ya 1980. Hondohondo wanayapenda matunda yake, wanayameza na kuzitema mbegu mbali, na kila pengo likawa shamba la msizi. Mche wake una jani linalong'aa, lenye ncha ndefu na meno ya mviringo pembeni. Ukihesabu ploti 17 na zaidi ya nusu zina msizi, unalitazama pengo ambalo litafungwa na msizi usipofanya kitu.

Hatua ya 7: Amua

Brokaw alipofuatilia miti mitatu inayopenda jua huko Panama, aliona kila mmoja una kiwango chake cha pengo: *Miconia argentea* ulihitaji kama mita za mraba 102, *Cecropia insignis* 215, na *Trema micrantha*, ndugu wa mpesi wetu, 376. Usizibebe namba hizo kama zilivyo ukazipanda Usambara, ila zinakuonyesha kwa nini mivule yangu ilikwama kwenye tundu dogo.

Mimi hufanya hivi. Pengo likiwa chini ya mita za mraba 150 hivi na ploti zako zina maotea ya miti ya asili, ondoka. Maotea ya zamani na matawi ya miti ya ukingoni yatalifunga. Kazi yako pekee ni kuzuia watu na mbuzi wasipite hapo.

Likiwa la kati, kama mita za mraba 150 hadi 400, na maotea yapo, yasaidie. Kata kamba za mimea inayotambaa zilizoning'inia juu ya miche uliyoichagua, hizo tu. Kamba zikiachwa zinaweza kulishikilia pengo miaka mingi bila mti kupanda juu. Ng'oa vimche vya msizi vikiwa chini ya goti, udongo ukiwa na maji. Ukivikata utavikuta vimechipua. Ng'oa pia *Clidemia hirta*, kile kichaka chenye majani ya manyoya na mishipa mirefu inayokimbia kutoka kitako hadi ncha. Kiondoe kabla hakijazaa, maana tunda moja lina mbegu nyingi ndogo na ndege wanalipenda. Usifyeke eneo zima. Fungua duara la nusu mita kuzunguka mche, pengine pote pabaki na kivuli chake.

Upandaji uwe wa mwisho, pale ploti zinapokuwa tupu au zimejaa wageni. Hata hapo panda kwa ramani yako ya jua: wapenda jua kama mvule kwenye mapengo makubwa tu, tena kwenye ukanda unaopata jua katika miezi yenye mvua, na wavumilivu kama msambu karibu na ukingo. Miche ya kitaluni izoeshwe kwanza kwa wiki nne hadi sita, ukipunguza kivuli kidogo kidogo. Mche uliolelewa kivulini ukitupwa pengoni Januari unaungua siku ya kwanza.

Hatua ya 8: Rudi

Rudi baada ya miezi sita, kisha kila mwaka, mwezi uleule. Hesabu nyuzi zako zilizobaki hai, pima urefu upya, andika nani mpya. Katika mwaka wa kwanza utakuta vifo vingi, hasa vya vimche vidogo vilivyoota baada ya mti kuanguka. Ukungu, ukame wa Januari na matawi yanayoendelea kudondoka huvichukua kwa wingi. Mwaka wa pili na wa tatu ndio unaoonyesha nani amekamata nafasi. Chagua miche mitano mirefu zaidi ya miti ya asili, ipe namba ya kudumu, na ifuatilie hiyo mpaka ivuke mita 2. Ikishavuka, kwa fasili tuliyoanza nayo, pale walipo si pengo tena.

Daftari la kwanza acha nakala ofisi ya kijiji. Langu lililowa kwenye mto mwaka wa tatu, na kilichookoa kazi yote ni karatasi nne alizokuwa amezinakili katibu wa kamati kwa mkono.